Ireland kabla ya njaa kubwa: sheria ya usiku, fungu la kumi, na jinsi polisi walivyozaliwa

Watu wengi wakisikia fujo za Ireland ya zamani akili inaenda moja kwa moja kwa Wakatoliki na Waprotestanti, au Waairishi na Waingereza, na hapo mjadala unakuwa umeisha. Sasa chukua miaka ya 1800 mpaka 1840 hivi, ingia vijijini, uliza kitu kidogo tu, aliyepigwa usiku ni nani, aliyechomewa nyumba ni nani, ng'ombe waliokatwa mishipa ya miguu ni wa nani, unakuta mara nyingi sana aliyeumizwa ni Mkatoliki kama hao waliomvamia, mkulima au maskini mwenzao, jirani kabisa, na kosa lake ni kwamba amechukua shamba ambalo mwenzake kafukuzwa. Hapo ndo watu wanapotea njia, na hapo ndo naona pana utamu wa kuelewa, kwahiyo twende taratibu.

Tuanze na ardhi, maana bila ardhi hamna kitu utaelewa hapa. Sehemu kubwa ya Ireland ilikuwa mikononi mwa familia chache, wengi wao Waprotestanti ambao wazee wao walipata ardhi hiyo baada ya vita na unyang'anyi wa miaka ya 1600, na wengine hata hawaishi huko, wanakaa London au Dublin, kodi inawafuata hukohuko. Chini yao kuna mtu wa kati, anakodi eneo kubwa kwa miaka mingi, analikata vipande na kukodisha kwa bei ya juu. Chini yake kuna mkulima mwenye eka 20 au 30 za kukodi, chini yake mwenye kijishamba, na chini kabisa kuna kibarua ambaye hana chochote zaidi ya kibanda cha udongo na mikono yake miwili. Na hao wa chini ndo walikuwa wanaongezeka. Sensa ya 1821 ilihesabu watu karibu milioni 6.8, ya 1841 ikahesabu zaidi ya milioni 8.1, na kisiwa hicho mpaka leo hakijarudi kwenye idadi hiyo.

Kibarua alikuwa anaishi kwa viazi, asubuhi viazi, jioni viazi, akibahatika na maziwa mgando. Shamba hana, kwahiyo anakodi kipande kwa msimu mmoja tu, anapanda, anavuna, anaondoka, haki nyingine hana. Mpango huo waliuita conacre. Eka moja iliyotiwa mbolea vizuri ilikuwa inaweza kufika pauni 8 mpaka 10, na kibarua alikuwa analipwa kama peni 6 mpaka 10 kwa siku. Piga hesabu mwenyewe: pauni moja wakati ule ilikuwa peni 240, pauni 8 ni peni 1,920, ukilipwa peni 8 kwa siku inabidi ufanye kazi siku 240 ili ulipie eka moja ya viazi, na kazi yenyewe haipo kila siku, kuna miezi mizima hamna mtu anakuita. Tena mara nyingi hela yenyewe haikupita mkononi mwake hata kidogo, mwenye shamba anaandika siku ulizofanya na kuzikata kwenye deni. Ukikosa hicho kipande hujakosa biashara, umekosa chakula cha mwaka mzima cha watoto wako. Hii hesabu ndo naomba msomaji akae nayo kichwani, maana ukiisahau utaona hawa watu ni wahuni tu wanaopenda kuchoma nyumba.

Alafu 1815 vita vya Napoleon vikaisha, bei za nafaka zikaanguka, lakini kodi zilizokuwa zimeandikwa wakati wa bei nzuri zikabaki palepale. 1816 na 1817 mvua zisizo na kipimo, mavuno yakaharibika, na homa ya chawa ikapita vijijini. 1821 viazi vikaharibika tena. Na mwenye ardhi akiona ng'ombe wanalipa kuliko ngano anageuza shamba kuwa malisho, ng'ombe wanaingia, watu wanatoka.

Sheria ya mchana, ile ya mahakamani, ilikuwa inasema ardhi ni ya mwenye hati na akitaka kukutoa anakutoa. Vijijini kulikuwa na sheria nyingine, kwamba mtu akishalima mahali na kulipa anachoweza ana haki ya kubaki, na akifukuzwa hakuna mwingine anayeruhusiwa kuingia hapo, na bei ya conacre ina kikomo, na kazi za eneo ni za watu wa eneo. Haikuandikwa kwenye kitabu chochote lakini ilikuwa na viungo vyote vya sheria, yaani kiapo, hukumu, samansi, watekelezaji na adhabu. Hawa watekelezaji ndo wale wanaotajwa kwenye historia kwa majina mengi mpaka mtu anachanganyikiwa. Whiteboys walianza kaunti ya Tipperary mwaka 1761, wanavaa mashati meupe juu ya nguo zao usiku, na baada ya hapo kila kizazi na kila eneo likaja na jina lake: Threshers kule magharibi 1806 na 1807, Ribbonmen upande wa kaskazini na katikati, Rockites wa Munster, jimbo la kusini, 1821 mpaka 1824, Terry Alts wa Clare 1829 mpaka 1831, Whitefeet wa Kilkenny na Queen's County mwanzoni mwa miaka ya 1830. Ribbonmen walikuwa na siasa na dini zaidi ndani yake, hao wengine kazi yao ilikuwa karibu ileile, kwahiyo majina yasikusumbue sana.

Kazi yenyewe ilikuwa inaenda hivi. Unaamka unakuta karatasi mlangoni, mara nyingi imechorwa jeneza, mwandiko wa mtu aliyesoma kidogo, na chini imesainiwa Captain Rock. Inakwambia uachie shamba la fulani kabla ya tarehe fulani, au upunguze bei ya conacre, au uache kuajiri vibarua kutoka kaunti nyingine, au usilipe fungu la kumi la kanisa zaidi ya kiasi hiki. Captain Rock hakuwa mtu mmoja, alikuwa yeyote mwenye kalamu, wino na hasira. Jina hilo lilivuma mwaka 1821 kwenye mali ya Viscount Courtenay karibu na Newcastle West, kaunti ya Limerick, ambako msimamizi mpya, Alexander Hoskins, alianza kuwabana wapangaji kwa kodi na kesi mpaka mambo yakalipuka, na Julai mwaka huohuo mtoto wake wa kiume akapigwa risasi akafa. Kutoka hapo moto ukasambaa Limerick, Cork, Kerry, Tipperary, miaka mitatu.

Usipotii barua wanakuja usiku, nyuso wamepaka masizi, wengine wamevaa magauni ya wanawake, na mara nyingi wanatoka kijiji cha mbali kidogo ili usiwatambue sauti. Mara ya kwanza wanakuapisha tu, upige magoti, ushike kitabu. Mara ya pili ni kipigo, au ng'ombe wako wanakatwa mishipa ya miguu ya nyuma wasiweze kusimama tena, au nyasi kavu ulizovuna zinawashwa moto. Kulikuwa na adhabu moja mbaya sana, wanachukua lile bao lenye misumari midogomidogo la kuchambulia sufi ya kondoo wanakupitishia mgongoni. Kuua kulikuwepo, lakini kwa kawaida kulikuwa mwisho wa ngazi, na aliyefika huko alikuwa ameshaonywa.

Kule Clare 1831 walifanya kitu ambacho mimi nakiona kinaeleza kila kitu bila maneno. Watu kwa mamia walikuwa wanaingia kwenye malisho ya tajiri na majembe, usiku na baadaye hata mchana kweupe, wanageuza majani yote chini juu. Hawaibi, hawachomi. Malisho yakishapinduliwa hayafai tena kwa ng'ombe, kwahiyo mwenye nayo hana ujanja, inabidi akodishe kwa ajili ya viazi. Serikali ikajibu kwa jeshi na mahakama maalum kwenye mji wa Ennis, na wengi wakapakiwa meli kwenda Australia kama wafungwa. Mwaka 1836 Mwingereza mmoja, George Cornewall Lewis, aliyetumwa kuchunguza hali ya maskini wa huko, aliandika kwamba harakati hizi zote ni kama chama kikubwa cha wafanyakazi cha kuwalinda wakulima wa Ireland. Alikuwa mtu wa serikali, hana sababu ya kuwapamba, na nafikiri aliona sawasawa.

Ila tusiwapambe na sisi. Wildgoose Lodge ipo hapo na inabidi isemwe yote. Ni nyumba iliyokuwa kaunti ya Louth, mwenye nyumba anaitwa Edward Lynch, Mkatoliki, mkulima mwenye uwezo kidogo. Aprili 1816 watu walimvamia usiku wakitafuta silaha, na yeye na mkwewe Thomas Rooney wakafanya jambo ambalo wengi hawakuthubutu, wakaenda mahakamani wakawataja waliowatambua. Wanaume 3 wakanyongwa. Usiku wa tarehe 29 kuamkia 30 Oktoba mwaka huohuo kundi kubwa likakusanyika, likabeba moto, likazingira nyumba na kuichoma na watu ndani. Walikufa 8: Lynch, binti yake, mkwe, mtoto mchanga wa hao wawili, na watumishi na wengine waliokuwa wamelala pale, watu ambao hawakumtaja mtu yeyote. Hakuna kodi wala conacre inayoweza kuhalalisha kile kichanga. Serikali ikalipiza kwa namna yake: mpaka kesi zinaisha walikuwa wamenyongwa watu 18, baadhi kwa ushahidi wa watoa taarifa waliokuwa na kila sababu ya kusema chochote ili kujiokoa, na miili ya wengi ikafungwa kwenye vyuma na kutundikwa kwenye vijiji vyao kwa miezi, familia zikipita chini yake kila siku. Patrick Devan, aliyetajwa kuwa kiongozi, alinyongwa palepale kwenye magofu ya nyumba Julai 1817.

Na wala wanakijiji hawakuwa kitu kimoja. Tipperary na kaunti za jirani, kati ya 1806 na 1811, kulikuwa na vita vya Caravats na Shanavests, wanakutana siku ya gulio wamebeba fimbo na wakati mwingine bunduki, mamia kwa mamia. Kwa nje ilionekana ugomvi wa koo tu, lakini upande mmoja ulikuwa zaidi wa vibarua na wapangaji wadogo, na wa pili wakulima wenye nafasi waliochoka kutishiwa usiku. Hii inasahaulika sana. Mkulima wa eka 30 anayelalamika kodi ni kubwa, huyohuyo ndo anamkodishia kibarua eka ya viazi kwa pauni 8.

Sasa upande wa kulinda amani kulikuwa na nini? Karibu hakuna. Kila tarafa ilikuwa na makonstebo wachache wa muda, wengi wazee, Waprotestanti walioteuliwa kwa kujuana, hawana mafunzo na hawatoki usiku. Juu yao kuna mahakimu wasiolipwa, ambao ni haohao wenye ardhi, kwahiyo aliyekupandishia kodi Jumatatu ndo anakuhukumu Ijumaa. Ikizidi wanaitwa wanamgambo wa yeomanry, hawa walianzishwa 1796, wengi Waprotestanti wenye chuki zao, wakiingia kijijini mambo yanakuwa mabaya zaidi. Ikizidi tena wanaitwa wanajeshi. Na nyuma ya wote kuna Insurrection Act, sheria ya hatari iliyokuwa inawashwa na kuzimwa tangu 1796: eneo likishatangazwa, mtu akikutwa nje ya nyumba yake kati ya machweo na mapambazuko bila sababu nzuri anashtakiwa mbele ya mahakimu bila wazee wa baraza la mahakama, na anaweza kusafirishwa ng'ambo miaka 7. Kwa kutembea usiku tu.

Mwaka 1812 akaletwa kijana wa miaka 24 kuwa katibu mkuu wa serikali ya Ireland, Robert Peel. Huyu ndo yuleyule aliyekuja kuanzisha polisi wa London mwaka 1829, na watu wengi wanajua hiyo ya London tu, lakini alianzia Ireland miaka 15 nyuma. Peel aliona jeshi ni ghali na halifai kukimbizana na watu waliopaka masizi, na mahakimu wa vijijini hawaaminiki, ama waoga ama wenye visasi. 1814 akapitisha sheria ya Peace Preservation: kaunti ikichafuka inatangazwa, kinatumwa kikosi maalum chini ya hakimu anayelipwa na serikali, sio mwenye ardhi wa pale. Kikosi cha kwanza kilipelekwa Middlethird, Tipperary, mwaka huohuo, chini ya Richard Willcocks, na watu wakaanza kuwaita Peelers.

Kulikuwa na kipengele kimoja ambacho ndo kiliharibu mwanzo mzuri. Gharama ya kikosi, mishahara, nyumba, farasi, ilikatwa kwa wakazi wa eneo lililotangazwa, kama adhabu. Nia ilikuwa wenyeji waone uchungu wa kuwaficha wahalifu. Matokeo yake wenye ardhi wakaogopa kuita kikosi kwa sababu na wao watachangia, wakasubiri mpaka hali ikaharibika kabisa, na maskini ambaye hajachoma nyumba ya mtu akajikuta analipia bunduki za kumlinda tajiri. 1817 wakalegeza, hazina ikaruhusiwa kubeba sehemu ya gharama, lakini jina lilikuwa limeshachafuka.

Rockites ndo walioonyesha kwamba vikosi vya dharura havitoshi. 1822 ikatungwa sheria ya kuweka polisi wa kudumu kila kaunti, na wakaguzi wakuu wanne, mmoja kwa kila jimbo. Ni kitu kipya kwa Visiwa vya Uingereza vyote, Uingereza yenyewe wakati huo ilikuwa inaona polisi wa serikali ni mambo ya Kifaransa, ni tishio kwa uhuru wa raia. Kile ambacho Mwingereza asingekubali mlangoni kwake kilionekana sawa tu kwa Mwairishi.

Mtihani mkubwa ulikuja na fungu la kumi. Hili lilikuwa jambo la uonevu kiasi kwamba hata baadhi ya Waprotestanti walilionea aibu. Kila mtu anayelima, awe Mkatoliki, awe Mpresbiteri, alitakiwa kuchangia kanisa rasmi la Kianglikana, kanisa ambalo waumini wake walikuwa wachache sana nchini, kuna parokia mchungaji anapokea fungu la kumi la watu maelfu na Jumapili anahubiria familia yake na mbili tatu nyingine. Malisho ya ng'ombe kwa muda mrefu hayakutozwa, tangu 1735, wakati viazi vya maskini kule Munster vilitozwa. Yaani mwenye ng'ombe 200 halipi, mwenye robo eka ya viazi analipa. 1823 walirekebisha, malisho yakaingizwa, lakini hapo wakawa wameongeza maadui, maana sasa na wafugaji wakubwa wakawa na sababu ya kuchukia fungu la kumi, na safari hii maskini, mkulima mwenye nafasi na padri wote wakasimama upande mmoja.

Vita ya fungu la kumi ilianza Graiguenamanagh, Kilkenny, Machi 1831, polisi na wanamgambo walipokwenda kukamata ng'ombe. Watu walikuwa wamejipanga: mlinzi kilimani akiona msafara anapuliza pembe, kengele za kanisa zinagongwa, ng'ombe wote wanaingizwa ndani wanafungiwa, na kisheria huwezi kuvunja mlango uliofungwa kwa ajili ya deni la namna hiyo. Hata ng'ombe wakikamatwa, kwenye mnada watu wanajaa maelfu wanasimama kimya, hakuna anayetaja bei. Wengine walipakiwa meli kupelekwa Uingereza na huko nako ikawa shida kuwauza. Juni mwaka huohuo Newtownbarry, kaunti ya Wexford, yeomanry wakafyatua risasi kwenye umati uliokuja kwenye mnada, wakafa zaidi ya watu kumi.

Tarehe 14 Desemba 1831 ikawa zamu ya polisi. Huyu mpeleka samansi anaitwa Edmund Butler, yuko katikati ya karibu polisi 40 chini ya Captain James Gibbons, wanazunguka karibu na Hugginstown, Kilkenny, kugawa hati za fungu la kumi. Umati unawafuata nyuma, wanaume na fimbo, majembe, uma za nyasi, wanadai kitu kimoja tu, wapewe Butler. Gibbons anakataa, na hakuwa na namna nyingine, huwezi kumtoa mtu aliye chini ya ulinzi wako. Msafara ukaingia kwenye kichochoro pale Carrickshock, njia nyembamba yenye kuta za mawe pande zote mbili, watu wakiwa juu yao. Mtu mmoja akamrukia Butler kumvuta, jiwe likatua, risasi zikapigwa, na bunduki za wakati ule ukishapiga moja inabidi usimame kujaza tena, ndani ya kichochoro, umebanwa, mtu na uma yuko hatua moja. Ndani ya dakika chache Gibbons alikuwa amekufa, Butler amekufa, na zaidi ya polisi kumi, na upande wa wanakijiji watu 3. Kesi ilipokuja Kilkenny 1832, Daniel O'Connell, wakili na mwanasiasa mkubwa kuliko wote wa Wakatoliki, alisimama upande wa washtakiwa, na hakuna hata mmoja aliyetiwa hatiani.

Mimi nikisoma Carrickshock nashindwa kuchagua upande kirahisi. Wale makonstebo wengi walikuwa watoto wa wakulima, wengine Wakatoliki, wanalipwa mshahara mdogo, wametumwa kukusanya hela ya mtu mwingine. Miaka mitatu baadaye, tarehe 18 Desemba 1834, karibu na Rathcormac kaunti ya Cork, mchungaji alikwenda na wanajeshi kudai fungu la kumi kwa mjane anaitwa Ryan, deni linatajwa kuwa shilingi 40, na waliokufa kwa risasi kwenye uwanja wa nyasi zake ni watu zaidi ya kumi. Shilingi 40 ni pauni 2.

Aliyeelewa kwamba polisi hawawezi kuheshimiwa huku wanatumika hivyo ni Mskochi, Thomas Drummond, aliyekuja Dublin 1835 kama katibu mdogo. Aligoma kutoa polisi na jeshi kuwa wakusanyaji wa fungu la kumi, akasema kazi yao ni kuzuia damu isimwagike. 1836 ikapita sheria iliyounganisha polisi wote wa kaunti kuwa jeshi moja la polisi, Irish Constabulary, chini ya mkuu mmoja Dublin, na mahakimu wa kulipwa wakaongezwa ili kazi isibaki kwa wenye ardhi. Mwanzoni mwa miaka ya 1840 walishakuwa zaidi ya watu 8,000.

Masharti yao yanaonyesha walichokuwa wanaogopa. Konstebo hapangwi kaunti alikozaliwa wala kaunti anakotoka mke wake. Haoi bila ruhusa. Hapigi kura. Haruhusiwi kuwa na duka au baa. Anaishi kambini, ana bunduki, na anaandika ripoti ya kila kitu kwenda Dublin. Wakatoliki waliingia kwa wingi mpaka wakawa wengi kwenye vyeo vya chini, vya juu vikabaki kwa Waprotestanti. Walifanikiwa kwenye mambo fulani, mapigano ya koo kwenye magulio walikuja kuyamaliza, na sensa ya 1841 ni wao walioizunguka nyumba kwa nyumba.

Msomaji wa Kenya au Tanzania akiona maelezo haya ataona kama anayajua. Ni kweli kuna uhusiano. Uingereza ilipojenga polisi wa makoloni, mfano uliotazamwa sana ulikuwa huu wa Ireland, askari wa kuishi kambini, mwenye bunduki, anayepangwa mbali na kwao, anayejibu kwa gavana na sio kwa wananchi, na kuanzia 1907 maafisa wa polisi wa makoloni walikuwa wanapitia mafunzo kwenye depo yao ya Phoenix Park, Dublin. Wanahistoria wanabishana mfano huo ulifuatwa kwa kiasi gani kila mahali, na ni sawa wabishane, kila koloni lilikuwa na mambo yake.

Kuna kitu kingine cha kuangalia ukisoma habari hizi. Karibu yote tunayojua kuhusu Captain Rock yametoka kwenye ripoti za polisi na barua za mahakimu waliotaka waongezewe wanajeshi. Usiku ambao barua ilibandikwa, mwenye shamba akapunguza bei kimyakimya na hakuna aliyeumia, huo haukuripotiwa. Kwahiyo tunaona ukatili wote, na makubaliano ya kimyakimya hatuyaoni.

Fungu la kumi lilimalizwa na sheria, sio na bunduki. 1838 likapunguzwa kwa robo na kuingizwa kwenye kodi ya ardhi, mwenye ardhi ndo analipa kwa kanisa, na ile vita ikafa karibu mara moja. Tatizo la ardhi likabaki. Mwaka huohuo mahakimu wa Tipperary walimwandikia Drummond wakitaka sheria kali zaidi baada ya mwenzao mwenye ardhi kuuawa, na yeye akawajibu kwamba mali ina wajibu wake kama ilivyo na haki zake, na kwamba kuusahau wajibu huo ndo kumeleta haya wanayoyalilia. Walikasirika sana. Drummond akafa 1840, ana miaka 42. Ugonjwa wa kuozesha viazi ukaingia 1845, ndo ile njaa kubwa ikaanza, na wakati wa kufukuza watu mashambani ulipofika tena, kwa maelfu sasa, polisi aliowatoa kwenye fungu la kumi walipangwa kusimama pembeni wakati nyumba zinabomolewa. Sensa ya 1851 ikahesabu watu milioni 6.5, na kundi lililopungua kuliko yote ni la vibarua wa conacre.